Jando au Imbalu? Tafakuri ya Mtunzi na Kiswahili cha Mbale

Mtunzi chipukizi wa mashariki mwa Uganda anapoandika kwa Kiswahili, mara nyingi huandika kwa lugha ambayo hakulelewa nayo. Nyumbani Mbale amesikia Kigisu, au Kisoga ikiwa ni mtu wa Jinja. Shuleni amefundishwa kwa Kiingereza. Kiswahili amekikuta sokoni, kwa askari, na baadaye darasani. Ushauri anaopewa kwa kawaida ni kuwasoma watunzi wakubwa na kuwaiga. Ushauri huo ni nusu ya dawa. Makala hii inashikilia kwamba utambulisho wa kibunifu wa mtunzi wa namna hiyo hujengeka pale anapojihoji kwa maandishi kuhusu chaguo zake mwenyewe, na kwamba fasihi ya Kiswahili tayari ina mfano wa kazi hiyo.

Mfano wenyewe ni Euphrase Kezilahabi. Alizaliwa mwaka 1944 Ukerewe, katika kisiwa cha ziwa lilelile linaloigusa Jinja, naye hakuzaliwa katika Uswahili wa pwani. Alipochapisha diwani ya *Kichomi* mwaka 1974, aliitangulizia maelezo ya kwa nini aliandika mashairi yasiyofuata vina na mizani. Maelezo hayo yamezoeleka kusomwa kama tangazo la vita dhidi ya wanamapokeo, na mgogoro uliofuata ulizidi kuyafanya yaonekane hivyo. Usomaji huo unayapunja. Yakisomwa upya, ni maelezo ya mtunzi anayetoa hesabu ya kazi yake: anataka ushairi uikaribie lugha ambayo watu huizungumza kila siku, na anataja sababu. Aliyelelewa ndani ya arudhi angeweza kutunga maisha yake yote bila kulazimika kuuliza swali hilo. Aliyeijia kutoka bara aliliuliza, na jibu lake likawa mtindo.

Wala hakuishia hapo. Mwaka 1985 alikamilisha tasnifu katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, kuhusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kuifasiri fasihi. Kisha zikafuata *Nagona* (1990) na *Mzingile* (1991), riwaya zilizouacha mbali uhalisia wa *Rosa Mistika* (1971). Kudai kwamba tasnifu ndiyo iliyozizaa riwaya hizo ni kurahisisha mno. Ila ni wazi kwamba mtunzi huyu alikuwa na mazoea ya kuirudia kazi yake na kuihoji.

Shaaban Robert naye alijitazama, katika *Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini*, ambamo nathari inachanganyika na tenzi alizowausia watoto wake. Lakini tafakuri yake inaelemea adili la mtu kuliko ufundi wa kalamu. Anayetaka kuona jinsi ubeti ulivyofutwa na kuandikwa upya atapata kidogo.

Mbale ina mtunzi wake mashuhuri, Timothy Wangusa, ambaye riwaya yake *Upon This Mountain* (1989) inamfuata kijana Mwambu katika malezi yake chini ya Mlima Elgon hadi kwenye imbalu, tohara ya Wagisu. Riwaya hiyo ni ya Kiingereza. Tuseme mwanafunzi wa Nkoma anataka kuandika tukio kama hilo kwa Kiswahili: ataliitaje? Neno “jando” lipo, tena limo katika kila kamusi, lakini linabeba picha ya kumbi na faragha. Imbalu hufanywa hadharani, katika miaka ya namba shufwa, kijana akiwa amesimama wima mbele ya umati, asipepese jicho. “Tohara” linataja kisu tu. Akiliacha neno “imbalu” kama lilivyo, ni lazima aamue kama atalieleza, na atamweleza nani: msomaji wa Tanga au wa Bududa? Hapa ndipo sauti ya mtunzi inapopatikana au kupotea, na mwongozo wa kuiga hauna msaada wowote.

Suala hili linagusa sera. Mtaala wa sekondari wa Uganda ulioanza mwaka 2020 ulikiweka Kiswahili miongoni mwa masomo ya lazima katika kidato cha kwanza na cha pili, na ukaitengea tathmini endelevu asilimia 20 ya alama. Julai 2022 Baraza la Mawaziri likakiidhinisha kuwa lugha rasmi. Asilimia hizo 20 zina nafasi ya daftari la tafakuri: rasimu ya kwanza, rasimu ya mwisho, na ukurasa mmoja unaotetea mabadiliko. Hatari yake inajulikana. Mwanafunzi akigundua kwamba tafakuri ina alama, ataandika “nimejifunza mengi” na kuendelea na mambo yake. Kwa hiyo kinachostahili kupimwa ni sababu iliyofungamanishwa na neno mahususi, kama vile “jando” lililokatwa. Toba za jumla zisihesabiwe.

Mwalimu ambaye hajawahi kufuta ubeti wake mwenyewe atayasoma madaftari hayo kwa shida. Chuo Kikuu cha Kiislamu nchini Uganda, kilichofunguliwa Nkoma mwaka 1988, huandaa walimu. Zoezi hili lianzie kwa walimu hao wangali wanafunzi, kabla halijaagizwa kwa kidato cha kwanza.