Asili na Ustadi: Maoni Juu ya Sanaa ya Karakana za Ushirika

Kuna hukumu moja ambayo wahakiki wa sanaa za mikono wamezoea kuitoa bila ya kuitafakari. Wakiona kinyago cha mpingo au mnyama wa mti katika duka la mjini, husema kuwa hiyo si sanaa ya asili bali ni bidhaa ya watalii, na kwa kusema hivyo hudhani kazi ya uhakiki imekwisha. Hukumu hii imeingia hata madarasani mwetu. Mwanafunzi aandikapo insha juu ya uchongaji, huanza kwa kuusifu uchongaji wa mababu na humaliza kwa kuulaani wa leo, na sisi walimu humpa alama nzuri. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba hukumu hiyo imejengwa juu ya msingi dhaifu, na kwamba kipimo kinachostahili ni kingine.

Tuanze na vinyago vya Wamakonde, maana ndivyo vinavyotajwa kwanza kila yanapozuka mazungumzo ya asili. Wamakonde wa uwanda wa Mueda, kaskazini ya Msumbiji, walikuwa na uchongaji wao wa jadi, na kazi yake mashuhuri ni mapiko, yaani vinyago vinavyovaliwa katika ngoma. Mapiko huchongwa kwa mti mwepesi, kwa kuwa mchezaji hana budi kuubeba kichwani. Sanamu nzito za mpingo tunazozijua leo zina historia nyingine. Hizo zilikua katika karne ya 20, Wamakonde wengi walipovuka Mto Ruvuma kutafuta kazi Tanganyika, hasa katika mashamba ya mkonge, na baadhi yao wakachonga kwa ajili ya kuuza.

Mtindo wa shetani unahusishwa na mchongaji Samaki Likankoa, katika miaka ya 1950. Husimuliwa kwamba sanamu yake moja ya mtu ilivunjika mkono, naye badala ya kuitupa akaendelea kuichonga hata ikawa kiumbe kisicho cha dunia hii. Na mfanyabiashara wa Dar es Salaam, Mohamed Peera, akaipokea na kutaka nyingine za namna ile. Yamkini kisa hiki kimetiwa chumvi kwa kusimuliwa mara nyingi. Hata hivyo, kinatukumbusha jambo ambalo wapenzi wa asili hulisahau: sanamu hizo tunazoziita za asili zilizaliwa mbele ya mnunuzi, mbali na nyumbani kwa wachongaji wake.

Hali ni hiyo hiyo kwa nguzo za watu waliobebana. Mtindo huo unahusishwa na Roberto Yakobo Sangwani, aliyetoka Msumbiji, na jina lake la kwanza lilikuwa dimoongo, lenye maana ya nguvu. Inasemekana picha ya mwanzo ilikuwa ya bingwa wa mieleka aliyenyanyuliwa na wenzake. Jina la ujamaa lilikuja baadaye, katika miaka ya siasa ya Ujamaa nchini Tanzania. Basi mhakiki asidanganywe na jina. Na aitazame nguzo yenyewe. Katika nguzo iliyochongwa vema, uzito unaonekana: aliye chini amebonyea mabega, vidole vya wa kati vimeshika mguu wa aliye juu, na jicho la mtazamaji hupanda kwa taabu ile ile wanayoipata hao wanaobeba. Katika nguzo iliyochongwa ovyo, vichwa vimepangwa tu kama mahindi gunzini. Hakuna abebaye wala abebwaye. Hapo ujamaa umetajwa, haukuchongwa. Sisi tunaofundisha fasihi tunaujua ugonjwa huo, maana tumesoma tungo nyingi ambazo dhamira yake imetangazwa katika jina na haikuonekana tena mpaka mwisho.

Sasa tuvuke mpaka mwingine. Wakamba wa Kenya wanajulikana duniani kote kwa wanyama wa mti, na wengi hudhani sanaa hiyo wamerithi tangu kale. Kumbe mwanzo wake huhusishwa na mtu mmoja wa Wamunyu, Mutisya Munge, ambaye inaelezwa kuwa alijifunza kuchonga vinyago Tanganyika alipokuwa huko wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kisha akarudi na ujuzi huo nyumbani. Kutoka Wamunyu uchongaji ulienea, na mwaka 1963 wachongaji wa Mombasa wakaanzisha chama chao cha ushirika huko Changamwe. Katika karakana hiyo mafundi huketi chini ya mabanda, tezo mkononi, huyu akichonga twiga, yule swala, mwingine vijiko vya mezani, na kazi zao huuzwa katika duka la chama.

Hata mti wenyewe ni msafiri. Mpingo hukua polepole mno, kiasi cha miaka 70 au zaidi kabla ya kufaa kukatwa, na pamoja na muhugu umepungua sana kwa kukatwa kupita kiasi. Kwa hiyo wachongaji wengi wa Kenya wamegeukia mwarobaini na mwembe. Miti hii miwili asili yake ni Bara Hindi. Leo hakuna mtu wa Pwani anayeiita migeni. Ikiwa fundi alijifunza kwa jirani, na mti wake ulitoka ng'ambo ya bahari, na mnunuzi wake ni msafiri, je, asili tunayoitafuta iko wapi?

Twaona kwamba haiko katika chimbuko la kazi. Iko, kama ipo, katika ustadi unaoonekana kwenye kazi yenyewe. Tuchukue twiga wawili waliotoka chini ya banda moja. Wa kwanza, fundi ameufuata mshipa wa mti: shingo imepinda pale mti ulipopinda, miguu imeachwa na unene unaoweza kuubeba mwili, na ukimgeuza utaona hata chini ya tumbo alama za tezo zimeondolewa kwa tupa na msasa. Wa pili ana shingo iliyolazimishwa kukatiza mshipa, nayo itavunjika siku atakapoanguka. Mikwaruzo yake imefichwa kwa rangi ya viatu. Wote wawili ni bidhaa. Wote wawili wamechongwa mara nyingi na mikono ile ile. Lakini mmoja ni kazi ya sanaa na wa pili sivyo, na neno "utalii" halitusaidii hata kidogo kuwatenganisha.

Wengine watasema kwamba kurudia umbo moja mara elfu ni kifo cha ubunifu. Tunawauliza: mbona hatusemi hivyo juu ya utenzi? Mshairi hupokea mizani na vina vilivyokwisha wekwa na waliomtangulia, na sifa yake hupatikana ndani ya mipaka hiyo. Fundi wa twiga naye amepokea fani. Kurudia si kosa lake. Kosa huingia pale anapoacha kuutazama mti ulio mbele yake na kuchonga ule wa jana. Wala hatusemi kwamba soko halina lawama. Mnunuzi anayeagiza vijiko mia vilivyo sawasawa, kwa bei isiyotosha siku ya kazi, humfundisha fundi kuharakisha. Na haraka ndiyo inayoleta shingo iliyokatiza mshipa. Hilo na likemewe kwa jina lake, yaani malipo haba, na lisivishwe joho la upotevu wa asili.

Lakini lawama kubwa tunaiweka mlangoni petu wenyewe. Wanafunzi wetu wakiombwa kueleza kinyago, husema ni kizuri na kinavutia, basi. Hawana maneno, kwa kuwa hatukuwapa. Ilhali karakana imejaa maneno: tezo, patasi, juba, keekee, randa, tupa, jiliwa, kuchonga, kukereza, kutia nakshi. Msasa lilikuwa jina la mti ambao majani yake makavu yalisugulia mbao kabla ya karatasi ya dukani kufika. Mti umesahauliwa, neno limebaki kazini. Mwalimu anayewapeleka wanafunzi karakanani kwa asubuhi moja, akawaambia washike mwiko, waugeuze, waeleze kwa nini mpini umenenepa hapa na kukondeana pale, amewafundisha uhakiki kuliko aliyewasomesha kurasa kumi za nadharia. Wahenga walisema mchonga mwiko hukimbiza mkono. Maana yake ni kwamba kazi ya mikono ilianza kwa haja, kuuepusha mkono na moto wa chungu, na uzuri ukaja ukaikuta haja imekwisha keti.

Neno la mwisho ni kwa walimu wenzetu wa nchi jirani. Mara ngapi tumeambiwa, na mara ngapi tumewaambia wanafunzi wetu, kwamba Kiswahili chetu si cha asili kwa kuwa hatukuzaliwa nacho Pwani? Fundi wa Wamunyu hakuzaliwa na kinyago mkononi. Alijifunza kwa jirani, akarudi nyumbani, akachonga mpaka watu wakasahau kwamba aliwahi kuwa mwanafunzi. Hakuna aliyemkagua chimbuko lake. Waliikagua kazi yake. Nasi tukisahihisha madaftari, tuwakague wanafunzi wetu kwa kipimo hicho hicho: sentensi imefuata mshipa wa lugha, au imeukatiza?