Benchi la Wasio na Zamu

Kwa takriban miaka 30 swali hili lilikuwa na jibu moja. Ukiuliza kama filamu zinazotokana na gemu za video zina maana yoyote, mtu alikutajia Super Mario Bros. ya 1993, Bob Hoskins akiwa fundi bomba aliyepotelea kwenye jiji la giza lililotapakaa utando wa kuvu, na mazungumzo yakaishia hapo. Miaka kumi baadaye Mjerumani Uwe Boll akatoa House of the Dead, filamu iliyopachika vipande vya gemu yenyewe katikati ya matukio ya waigizaji. Ile ya kwanza iliionea haya asili yake. Ya pili iliiga sura ya gemu bila kujua wachezaji waliipendea nini.

Leo jibu ni jingine, na kilicholeta mabadiliko si fedha wala kompyuta zenye nguvu zaidi. Ni mafundi. Wamepatikana waandishi na waongozaji wanaojua kutoa kisa kwenye mikono ya mchezaji na kukitia machoni pa mtazamaji kisife njiani, na ufundi huo unastahili kusifiwa waziwazi.

Ni kazi ngumu kuliko kugeuza riwaya kuwa filamu. Msomaji na mtazamaji wote wamekaa, wanangoja kusimuliwa. Mchezaji ana pedi mkononi. Mlango haufunguki mpaka aufungue yeye, adui haanguki mpaka amwangushe yeye, na akifanya uzembe anakufa na kurudia. Aliyekulia mtaa wenye kibanda cha gemu analijua lile benchi la nyuma: mmoja anacheza, wengine wanachungulia juu ya bega lake, wanashangilia, wanamwelekeza, wanamzomea akifungwa. Wana raha tele bila kugusa kitufe, kwa sababu hela wameshatoa na zamu yao inakuja. Filamu inakukalisha kwenye benchi hilohilo, ila zamu yako haitafika. Ukionyeshwa yaleyale ambayo mwenzako angeyafanya kwa vidole, utachoka, tena kwa haki kabisa. Lazima ulipwe kitu kingine badala ya zamu.

Craig Mazin alilielewa hilo alipoungana na Neil Druckmann, mmoja wa waundaji wa gemu ya The Last of Us ya mwaka 2013, kuifanya tamthilia ya HBO iliyoanza kuonyeshwa Januari 2023. Tazama walichokifanya kwa binti mdogo, Sarah. Kwenye gemu, usiku wa balaa, ugonjwa wa kuvu unapolipuka, pedi inakupa mwili wa Sarah. Simu imelia, baba hayupo chumbani, nawe unatembea na nguo za kulalia ukifungua mlango mmoja baada ya mwingine. Baadaye kidogo unapewa mwili wa baba yake, Joel, na unakimbia mitaani umembeba mtoto aliyevunjika mguu. Mwanajeshi anapompiga risasi, umekwisha kuwa yeye na umekwisha kumbeba. Uchungu umeingilia mikononi.

Mtazamaji hawezi kupewa mwili wa mtu. Wakampa siku. Karibu nusu saa ya sehemu ya kwanza ni ya Sarah, na muda mwingi haitokei hatari yoyote. Anaandaa kifungua kinywa, anakwenda shule, anapeleka saa mbovu ya baba yake kwa fundi ili aitoe kama zawadi ya siku yake ya kuzaliwa. Kwenye gemu saa hiyo inakabidhiwa tu pale mwanzo, sebuleni, ikiwa tayari. Tamthilia inatupeleka hadi dukani, tunamwona fundi akiishika, na ghafla mkewe anatoka akiwa na hofu usoni na kufunga duka mapema. Tumejua kitu ambacho Sarah hajakitilia maanani.

Kisha nyumbani kwa majirani. Sarah anapekua sanduku za filamu kwenye rafu, ametupa mgongo. Nyuma yake bibi kizee yuko kwenye kiti chake cha magurudumu, na kamera imeuacha ule upande wa nyuma ufifie. Katika ukungu huo bibi anaanza kutetemeka, mdomo unaachama. Sarah haoni. Hakuna kelele wala muziki wa kukushtua. Nilipoiona mara ya kwanza nilitamani kumwita, na hapo nikatambua nimelipwa nini. Mchezaji hupewa uwezo; mtazamaji hapa amepewa ujuzi anaoshindwa kuutumia. Hofu yake ni ya aina nyingine, na hiyo pedi haiwezi kuitoa, maana mwenye pedi angegeuka tu akaangalia.

Ufundi huo unajulikana pia kwa vinavyoachwa. Kwenye gemu kuvu huenea kwa vumbi linaloelea hewani, na wahusika huvaa barakoa kila wanapoingia penye uchafuzi. Kwa mchezaji ni kionjo kizuri. Kwa mwigizaji ni msiba, kwa sababu barakoa ingewaficha uso waigizaji wakuu, Pedro Pascal na Bella Ramsey, kwenye matukio ambayo uso ndio kila kitu. Vumbi likaondolewa, zikaletwa nyuzi zinazotambaa chini ya ardhi na kuwaunganisha waathirika, ukimkanyaga mmoja hapa wengine wanaamka mbali. Mashabiki walinung'unika. Mimi nadhani ilikuwa sahihi tangu siku ya kwanza.

Sehemu ya tatu ilithubutu zaidi. Kwenye gemu unamkuta Bill yu hai, mchungu kama shubiri, na mwenzake Frank amejinyonga na kuacha barua ya chuki. Mazin aliichukua mbegu ileile akaiotesha upande wa pili: wanaume wawili waliopendana kwa miaka mingi ndani ya uzio wao, wakazeeka pamoja. Frank anabadilishana bunduki ndogo kwa mbegu za stroberi, kisha siku moja anamwonyesha Bill zikiwa zimezaa, naye Nick Offerman anayemwigiza Bill, jitu zima lenye ndevu, anachekelea kama mtoto. Uigizaji huo ulimpa tuzo ya Emmy. Mchezaji asingevumilia saa nzima bila la kufanya. Mtazamaji ana subira hiyo, na fundi aliijua.

Si ajabu, basi, kwamba kazi ninazozipenda zaidi ni tamthilia na si filamu za saa mbili. Gemu hujenga mapenzi kwa masaa mengi ya kuhangaika pamoja. Ukipewa dakika 100 tu, unabaki kukimbilia mavazi na silaha ambazo mashabiki watazitambua. The Super Mario Bros. Movie ya 2023 ilifanya hivyo kwa usafi mkubwa na kuingiza zaidi ya dola bilioni 1.3. Watoto waliifurahia, nami siwanyimi. Lakini hakuna hata tukio moja mle ninalolikumbuka.

Arcane ya 2021 ninaikumbuka yote. League of Legends, gemu iliyoizaa, ni uwanja wa vita. Wahusika wanaingia, wanapigana, wanatoka. Jinx mle ni msichana mwenye nywele ndefu za bluu, bunduki kubwa na kicheko cha kichaa. Christian Linke na Alex Yee, pamoja na wachoraji wa studio ya Fortiche ya Paris, walijiuliza kicheko kile kilianzia wapi. Wakamrudisha utotoni, akiitwa Powder, mdogo wake Vi, mtoto ambaye mabomu yake ya kujitengenezea kila siku hayalipuki. Usiku mmoja, akitaka kuwaokoa wenzake, anatuma kikaragosi cha nyani kinachogonga matoazi, amekijaza vito vyenye nguvu asiyoijua. Mara hii kinalipuka. Anaruka kwa furaha huko juu alikojificha, na chini ndugu zake wawili wa kulelewa pamoja wamekufa. Sijawahi kuicheza League of Legends, na tangu nione tukio hilo nimeshawaeleza wanaoicheza, tena kwa undani, kwa nini Jinx wao anacheka.