Sitara si Maungamo: Je, Sheikh Anaruhusiwa Kuficha Dhulma Aliyofanyiwa Mtoto?

  

Mwezi Mei 2025, gavana wa jimbo la Washington nchini Marekani alitia saini sheria inayowaingiza viongozi wa dini katika orodha ya watu wanaolazimika kutoa taarifa wanapojua kuwa mtoto anadhulumiwa. Sheria hiyo haikumwachia padri hata yale aliyoyasikia katika maungamo. Maaskofu wa Kikatoliki wakaenda mahakamani. Julai ya mwaka huo huo jaji wa shirikisho akazuia kipengele cha maungamo kisitumike dhidi ya mapadri, na Oktoba jimbo likakubali kutokitekeleza.

Katika baraza zetu za Kariakoo tumezisikia kauli mbili juu ya habari hii. Kauli ya kwanza inasema kuwa Waislamu hatuna padri wala kitubio, kwa hiyo mjadala huu hautuhusu. Ya pili inasema kinyume: ikiwa mapadri wamelindwa, nasi masheikh tunastahiki kinga hiyo hiyo, kwani Waislamu nao wanatujia na siri zao, na dini yetu imeamrisha kusitiriana. Kauli zote mbili hazisimami. Lakini ya pili ndiyo yenye madhara zaidi, kwa kuwa inavaa kanzu ya fiqhi, na kwa kuwa wengi wetu tumeshaifanyia kazi bila ya kuitamka.

Tuanze na kumfanyia insafu Mkatoliki. Kwake yeye, padri ni njia ya msamaha. Baraza la nne la Laterano la mwaka 1215 liliwawajibisha waumini wao kuungama walau mara moja kwa mwaka, na likamwekea adhabu kali padri atakayefichua alichokisikia. Mpaka leo padri anayeivunja siri hiyo kwa makusudi anajitenga na Kanisa kwa kitendo chenyewe. Ndiyo maana Papa Francis alipoondoa usiri wa kipapa juu ya mashauri ya udhalilishaji wa watoto, Desemba 2019, siri ya maungamo hakuigusa. Na ndiyo maana Kanisa la Australia lilipinga pale Tume ya Kifalme ilipopendekeza mwaka 2017 kuwa kitubio kisiwe kinga, na jimbo la Victoria likapitisha sheria hiyo mwaka 2019. Hoja yao ina mashiko ndani ya itikadi yao. Kujibizana nayo si kazi yetu hapa.

Sisi tuna itikadi nyingine kabisa. Baina ya mja na Mola wake katika toba hakuna mtu. Sheikh hasamehi, haombwi kusamehe, na toba ya mtu haipungukiwi na chochote asipomwona sheikh maisha yake yote. Mtume (s.a.w.) ametufundisha, katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba umma wake wote utasamehewa isipokuwa wanaojitangaza, na miongoni mwa kujitangaza ni mtu kufanya dhambi usiku, Allah akamsitiri, kisha yeye kulipokucha akaisimulia. Muislamu anayekuja kwa sheikh, basi, hakuja kuungama. Amekuja kuuliza hukumu au kutaka nasaha. Palipokosekana maungamo, hakuna muhuri wa maungamo wa kudai.

Kilichopo kwetu ni amana ya vikao: linalosemwa faraghani halitolewi nje. Hilo ni sahihi, na sheikh mropokaji hafai kuwa sheikh. Lakini hata amana hii imewekewa mipaka. Abu Dawud amepokea kutoka kwa Jabir (r.a.) kwamba vikao ni amana isipokuwa vitatu: cha kumwaga damu ya haramu, cha tupu ya haramu, na cha kuchukua mali pasi na haki. Wanachuoni wa hadithi wameisema sanadi yake, kwa sababu aliyeipokea kwa Jabir ni mtoto wa nduguye asiyetajwa jina. Hatuifanyi kuwa nguzo pekee. Maana yake, hata hivyo, inaungwa mkono na misingi mipana zaidi ya dini, ukiwemo ule wa kuondoa madhara.

Tunakuja kwenye sitara yenyewe. Hadithi ya kuwa mwenye kumsitiri Muislamu naye Allah atamsitiri siku ya Kiyama ni sahihi, iko kwa Muslim, na hakuna mwanafunzi wa chuo asiyeihifadhi. Tatizo ni kwamba wengi tumeihifadhi hadithi tukaacha sherehe yake. Imamu An-Nawawi (aliyefariki mwaka 676 H), ambaye sisi Mashafi wa pwani hii hatutoi fatwa bila ya kumwangalia, ameieleza katika sherehe yake ya Sahihi Muslim kwa ufafanuzi usioacha mlango wazi. Sitara inayopendekezwa, anasema, ni kwa watu wa heshima wasiojulikana kwa maudhi na ufisadi. Anayejulikana kwa ufisadi, bora asisitiriwe bali jambo lake lifikishwe kwa mwenye mamlaka, maadamu hapachelewi mafsada makubwa zaidi, kwani kumsitiri kunampa tamaa ya kuendelea. Tena hayo yote ni katika maasi yaliyokwisha pita. Ama maasi yanayoendelea, ni wajibu kuyazuia, na asiyeweza ayafikishe kwa mtawala.

Kisha Imamu akaongeza jambo ambalo tunaomba kila mkuu wa madrasa alisome mara mbili. Kuwajeruhi wapokezi wa hadithi, mashahidi, na waliopewa amana ya sadaka, wakfu na mayatima, yaani kueleza aibu zao zinazowaondolea sifa, ni wajibu inapohitajika, wala si halali kuwasitiri. Tazama alivyowataja wenye amana ya mayatima. Ikiwa msimamizi wa mali ya yatima hasitiriwi akionekana na doa, vipi asitiriwe aliyeaminiwa mwili wa mtoto na akili yake, kuanzia baada ya Alasiri mpaka Magharibi, siku tano au sita kwa wiki? Hii ni qiyasi ya wazi mno.

Hapa inatubidi tuseme jambo juu ya nafsi zetu. Miaka mingi iliyopita mama mmoja alitujia baada ya sala ya Alasiri, hapa hapa Ilala, akatueleza kuwa mwanawe wa miaka tisa anakataa kwenda chuoni, na akatueleza sababu. Tulimwambia amhamishe mtoto na amsitiri ndugu yake Muislamu. Mwalimu yule tulimwita, tukamnasihi, akalia, akaondoka. Baadaye tukasikia kuwa anasomesha chuo kingine. Hatukwenda kuwaonya wenye chuo kile. Na katika mwaka huo huo tulikuwa tunasomesha Riyadhu Swalihina, ambamo Imamu huyo huyo ametenga mlango wa kusengenya kunakoruhusiwa, akataja sababu sita, ikiwemo mwenye kudhulumiwa kumshitaki aliyemdhulumu, kutaka msaada wa kuondoa munkari, na kuwatahadharisha Waislamu na shari. Tuliusomesha mlango ule kwa irabu zake zote. Mama yule hatukumwona tena darsani.

Huwa tunajibiwa: je, kadhfu? Aya ya nne ya Surat An-Nur imetaka mashahidi wanne, na asiyewaleta apigwe mijeledi themanini. Vipi mtu atoe taarifa kwa neno la mtoto? Hoja hii inachanganya mambo mawili. Mashahidi wanne ni wa kuthibitisha zinaa ili hadi isimamishwe. Aliyelawitiwa au kubakwa hakuzini. Amedhulumiwa, na haki yake ni haki ya mja. Na kusema mbele ya mwenye mamlaka kuwa mtoto huyu amelalamika hivi, naomba mchunguze, si sawa na kusimama sokoni ukasema fulani ni mzinzi. Tunayo hadithi ya Anas (r.a.) kwa Bukhari na Muslim ya msichana aliyekutwa amepondwa kichwa baina ya mawe mawili. Alikuwa hawezi kusema. Akatajiwa majina ya watu, na lilipotajwa la aliyemdhulumu akaashiria kwa kichwa. Mtume (s.a.w.) hakusema kuwa ishara ya msichana si ushahidi wa kutimia na jambo likaishia hapo. Mtu yule aliletwa, akahojiwa, akakiri, ndipo ikapita hukumu. Ishara ile ilikuwa mwanzo wa uchunguzi, haikuwa hukumu. Neno la mtoto leo lina daraja hiyo hiyo, nayo ni daraja inayotosha kumtoa imamu kwenye kiti chake.

Sheria ya nchi inasemaje? Wanaodai kinga kama ya padri wangefanya vyema kuisoma, kwani hata padri hapa Tanzania hakupewa. Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 inalinda mawasiliano ya mume na mke na ya wakili na mteja wake. Haikumtaja padri wala sheikh. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985, kifungu cha 7, inamtaka kila anayejua kuwa kosa lililo ndani ya Kanuni ya Adhabu limetendwa, au linakusudiwa kutendwa, atoe taarifa mara moja polisi au kwa mwenye mamlaka wa eneo lake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 95, inaelekeza kwa serikali ya mtaa taarifa za haki za mtoto zinazovunjwa. Hatukuona katika hayo kitu kinachomlazimisha Muislamu kuacha la wajibu au kutenda la haramu.

Wala tusijidanganye kuwa ni tatizo la wengine. Utafiti wa kitaifa uliofanywa mwaka 2009 na matokeo yake kutolewa 2011 ulionesha kuwa karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walikutwa na ukatili wa kijinsia kabla ya kutimiza miaka 18. Watoto hao wamo majumbani, mashuleni na vyuoni kwetu.

Limebaki suala gumu, na hatutaki kulipita kwa haraka. Anakuja mtu usiku, anasema: zamani nilimfanyia mtoto jambo, nimetubu, nifanye nini? Hapa pana hoja nzito kwamba tukimshitaki, wa mfano wake hawatakuja tena, na wasipokuja hawatapata wa kuwazuia. Tumeitafakari. Tunaloliona ni kuwa sharti la nne la toba, lile la kuirejesha haki ya mja, haliondoki kwa machozi ya usiku mmoja, na kwamba mtu huyo akiwa bado anaishi au anafanya kazi na watoto, basi lake si maasi yaliyopita. Ni shari inayongojewa. Madhara ya mmoja hubebwa ili kuzuia madhara ya wengi. Kwa hiyo sheikh amwambie mapema, kabla hajafunguka, kuwa yanayomhusu mtoto hayatakaa hapa. Na ikiwa aliyedhulumiwa sasa ni mtu mzima, basi yeye ndiye mwenye haki; atafutwe kwa upole na asikilizwe, wala asipangiwe sulhu na wazee ambao hakuwatuma. Kadhalika walii wa mtoto mdogo. Fiqhi haikumruhusu kutoa sadaka mali ya mtoto, seuze kuuza heshima yake kwa laki mbili na mbuzi wa suluhu.

Tunakubali kuwa kuna kutoa taarifa kunakomdhulumu mtoto mara ya pili. Mama anasimulia mbele ya kaunta iliyojaa watu, au jina la mtoto linazagaa kwenye simu za mtaa mzima kabla ya Isha. Aya ya 19 ya Surat An-Nur inawakemea wanaopenda uchafu uenee kwa walioamini. Kwa hiyo jambo hili halisemwi juu ya mimbari, haliandikwi kwenye makundi ya simu, wala haliitiwi kikao cha kamati ya msikiti cha watu kumi na watano. Imamu asimhoji mtoto mara tatu nne kama kadhi. Asikilize mara moja, aandike alichoambiwa kwa maneno ya mtoto mwenyewe, amzuie mtuhumiwa asiwe na watoto siku hiyo hiyo, na amsindikize mzazi. Kwa wa Kariakoo, Kituo cha Polisi Msimbazi hakiko mbali, na aulize dawati la jinsia na watoto. Hospitali kwa watu wa Ilala ni Amana, na mtoto asiogeshwe wala nguo zake zisifuliwe kabla ya kuonwa na daktari. Anayeona haya kwenda apige 116, simu ya huduma kwa mtoto.

Wallahu a'lam.