Oryu: nyambizi iliyoachana na injini ya sifa

Ziweke nyambizi za Japani Soryu na Oryu ubavu kwa ubavu gatini, na mtu asiye fundi hataona tofauti. Urefu ni uleule wa mita 84, mkia uleule wenye usukani wa umbo la herufi X, ngozi ileile iliyovikwa vigae vya kumeza sauti za sona. Zote mbili zilijengwa na Mitsubishi mjini Kobe. Tofauti imo tumboni. Soryu, iliyoingia kazini Machi 2009, ilibeba injini nne za Stirling ambazo wapenzi wa nyambizi walizisifu miaka nenda miaka rudi. Oryu, ya 11 katika ukoo wa Soryu, ilipoanza kazi Machi 2020 haikuwa na hata moja. Wasanifu wake walizifuta, wakafuta na matangi ya oksijeni, wakaongeza betri za lithiamu.

Ili kuelewa kwa nini, tuanze na shida ya zamani ya nyambizi yoyote ya dizeli. Injini ya dizeli inataka hewa, na chini ya maji hewa hakuna. Kwa hiyo chombo kinatembea kwa betri, na zikikaribia kuisha kinapanda hadi karibu na uso wa bahari, kinatoa bomba la kuvuta hewa, kinawasha dizeli na kuchaji. Hapo ndipo kinapojianika: injini inanguruma, moshi unatoka, na bomba lenyewe linaweza kunaswa na rada ya ndege. Hesabu nzima ya ufundi huu ni dakika ngapi utakaa hapo juu, na mara ngapi.

Stirling ilikuwa jibu moja. Asili yake ni mchungaji wa Kiskoti, Robert Stirling, aliyeipatia hataza mwaka 1816. Moto wake huwaka nje ya silinda. Ndani ya silinda kuna gesi tu, ambayo katika injini hizi ni heliamu, inayopashwa joto ikatanuka, ikapozwa ikasinyaa, na kusukuma pistoni bila ule mlipuko-mlipuko wa dizeli. Kampuni ya Kockums ya Uswidi iliitengeneza kwa ajili ya nyambizi, na Kawasaki ikaiunda Japani kwa leseni. Moto huwashwa kwa mafuta na oksijeni iliyobebwa ikiwa kimiminika, baridi ya nyuzi 183 chini ya sifuri. Kwa utulivu hakuna wa kuibishia.

Tatizo ni nguvu. Kila injini hutoa takriban kilowati 60. Nne zinafika 240. Mota kuu ya Soryu ina nguvu za farasi 8,000, karibu kilowati 6,000. Yaani Stirling zote nne kwa pamoja hazifiki hata sehemu moja ya ishirini ya kinachohitajika kwa mwendo wa kasi. Zinatosha kuvizia, kukaa kwenye mlango wa bahari kama Tsushima au Tsugaru kwa mwendo wa mtu anayekimbia polepole, hata kwa wiki mbili, bila kupanda juu. Lakini ukigunduliwa na ukataka kutoroka, zinageuka mzigo. Na oksijeni ikiisha huwezi kuitengeneza baharini, unarudi bandarini.

Kwa kasi basi hukimbiliwa betri, na betri hizo zilikuwa za asidi na madini ya risasi, ndugu wa ile iliyo chini ya boneti ya gari lako. Aliyekulia kwenye nyumba ya televisheni ya betri anazijua tabia zake. Taarifa ya habari ikifika katikati, picha inaanza kusinyaa pembeni. Mnaizima, mnaiacha ipumzike, na baada ya muda inatoa dakika chache zaidi. Hiyo si miujiza: ukiivuta kwa nguvu hutoa kidogo kuliko ilichobeba. Nyambizi ya betri za risasi ikikimbia kwa kasi yake ya juu, noti 20, inazimaliza kwa saa chache tu, mapema kuliko hesabu ya karatasi ingekuambia. Kuchaji nako kuna vituko: mwanzo inapokea upesi, kisha inagoma, umeme wa mwisho unaingia tone kwa tone huku ikitoa haidrojeni, gesi isiyotakiwa kabisa ndani ya chuma kilichofungwa.

Lithiamu haina mengi ya hayo. Kwa ujazo uleule hubeba umeme unaokaribia au kuzidi mara mbili, haipungukiwi sana ikivutwa kwa nguvu, na hupokea chaji upesi karibu hadi mwisho. Haidai maji ya betri. Kinachotisha ni moto. Betri zilitoka GS Yuasa, kampuni ileile ambayo betri zake kwenye ndege za Boeing 787 zilipata hitilafu Januari 2013, hadi ndege zote za aina hiyo zikazuiwa kuruka kwa miezi. Ndege ina pa kutua. Mabaharia 65 walio chini ya maji hawana, ndiyo maana Oryu ilipewa pia mfumo mpya wa kuzima moto.

Wapo wanaosema Japani ilirudi nyuma, kwamba Oryu ni nyambizi ya zama za Vita vya Pili vya Dunia yenye betri nzuri. Kwa umbo la mtambo, ni kweli. Wamepoteza subira ndefu ya Stirling, na sasa lazima wapande juu mara nyingi zaidi. Kupanda si mchezo: Februari 2021 Soryu yenyewe, ikiinuka karibu na rasi ya Ashizuri, iligonga meli ya mizigo. Watatu walijeruhiwa kidogo, na vyombo vya mawasiliano viliharibika kiasi kwamba zilipita zaidi ya saa tatu kabla haijatoa taarifa, tena kwa simu ya mkononi ilipofika mahali penye mtandao.

Mimi naona waliuza walichokitumia kidogo. Kupanda mara tatu kwa muda mfupi kunaweza kuwa salama kuliko kupanda mara moja ukakwama huko juu usiku kucha. Ila biashara hiyo inalipa tu kama chaji inaingia haraka kweli, na hapo ndipo kazi ilipohamia. Ukoo uliofuata, wa Taigei, ulioanza kazi Machi 2022, ulisanifiwa tangu mwanzo kwa ajili ya lithiamu, lakini nyambizi zake tatu za mwanzo bado zilitumia dizeli za aina ya zamani. Betri ilikuwa inakunywa upesi kuliko jenereta inavyomimina. Ya nne, Raigei, iliyoingia kazini Machi 2025, ndiyo iliyopewa dizeli mpya ya Kawasaki, yenye nguvu zaidi.