Heko kwa Waokoaji wa Pea Island

Ukinitajia mashujaa wa bahari, kwanza nawakumbuka waokoaji wa kituo cha Pea Island, pwani ya North Carolina, Marekani. Mwaka 1880 kituo hicho kilikabidhiwa kwa Richard Etheridge, mtu aliyezaliwa utumwani, na waokoaji wake wote wakawa Weusi. Aliwanoa kwa mazoezi makali.

Tarehe 11 Oktoba 1896, merikebu E.S. Newman ilitupwa na tufani karibu na ufuko. Mashua haikuweza kushushwa, na mzinga wa kurushia kamba haukufaa kitu. Basi wawili wakajifunga kamba moja, wakajitosa gizani, wenzao wakiishikilia ncha ufukweni. Wakarudi na mtu mmoja. Wakapokezana, wawili wengine wakaingia, tena na tena, mpaka wote 9 wakafika nchi kavu, akiwemo mke wa nahodha na mtoto wao mdogo. Kuyarudia mawimbi yale ukiwa umeshayaonja! Hapo ndipo ninapowavulia kofia.

Waokoaji hao walitunukiwa medali ya dhahabu mwaka 1996. Wote walikuwa wameshazikwa.