Mkono wa Kushoto wa Mhimilishaji

Ng'ombe anaweza kupewa mbegu za dume aliye mbali kwa njia mbili. Ya zamani ni ya spekulamu: mtaalamu hupanua uke, humulika kwa taa, huuona mdomo wa shingo ya kizazi na kuziacha mbegu pale mlangoni. Anaona vizuri, lakini mbegu hubakiwa na safari ndefu na nyingi hupotea. Njia ya pili haitegemei macho, nayo ndiyo iliyoshinda.

Mhimilishaji huvaa glovu ya kufika begani, huingiza mkono wa kushoto kwenye njia ya haja kubwa, na kupitia ukuta wa utumbo huipapasa shingo ya kizazi, ngumu kama firigisi katikati ya nyama laini. Utumbo ukimbana, fundi hashindani nao, hungoja ulegee. Ndipo mkono wa kulia huingiza bunduki ya kuhimilishia, ncha ikielekea juu kidogo isije ikatumbukia kwenye njia ya mkojo.

Hapo mwanafunzi hutoka jasho. Shingo ile ina pete tatu au nne zisizonyooka, na kandokando ya mdomo wake kuna mfuko usio na njia, unaomdanganya mgeni akadhani ameshaingia. Mwanafunzi husukuma bunduki. Fundi huituliza bunduki, kisha kwa mkono wa kushoto huipindapinda shingo na kuivisha juu yake, pete baada ya pete. Akivuka ya mwisho tu, husimama na kuachia mbegu polepole. Akizidi kwenda ndani, zote huishia pembe moja ya kizazi, pengine ile isiyo na yai.

Kazi yote hiyo ni kwa ajili ya robo ya mililita! Mrija wenye mbegu hizo umetolewa kwenye naitrojeni ya nyuzi 196 chini ya sifuri, ukayeyushwa kwa maji ya nyuzi 35 hadi 37, ukafutwa hadi ukakauka, maana maji huua mbegu. Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji kule Usa River, Arusha, kizalishe mbegu bora kiasi gani, mkono mzito utaziharibu zizini.

Nawe mfugaji una sehemu yako. Ukimwona ng'ombe ametulia akipandwa na wenzake asubuhi, ahimilishwe jioni. Ukimwona jioni, ahimilishwe kesho yake asubuhi. Mwambie mtaalamu saa uliyomwona, bila kukisia.