Kisu cha Mpogoaji

Miezi ya baridi ikifika Nyacheki, wapogoaji huingia kwenye mashamba ya chai, na mpita njia asiyejua atadhani wanafanya uharibifu: shina lililokuwa kijani asubuhi, jioni ni vijiti vitupu. Simama uutazame mkono. Kisu kimenolewa hata hakihitaji pigo la pili. Tawi la unene wa kidole linakatika mshazari, gome zima, maana likichanika maji hutuama na kuoza huanzia hapo. Sehemu ya juu inafuata mteremko wa shamba. Mpogoaji ana kijiti cha kupimia, lakini baada ya mstari mmoja kimelala chini, jicho limeshika. Vijiti vikavu vinatolewa kimoja kimoja. Mwisho, matawi yaliyokatwa hutandazwa juu ya shina lisiunguzwe na jua. Atarudi baada ya miaka mitatu au minne, na kukata juu kidogo ya makovu ya zamani.

Kazi hii ilionekana uzito wake Japani mwaka 2011. Kituo cha nyuklia cha Fukushima kiliharibika Machi. Mei, chai ya Kanagawa, mamia ya kilomita kutoka hapo, ikakutwa na siziamu ya mionzi kupita kiwango cha bekereli 500 kwa kilo. Juni, chai ya Shizuoka ikazuiwa Ufaransa ikiwa na zaidi ya 1,000. Kilichonishangaza ni kwamba machipukizi yaliyochumwa hayakuwa yameota vumbi la mionzi lilipoanguka. Majani makuukuu ndiyo yaliyolipokea. Yakafyonza siziamu, na mchai ukaisafirisha hadi kwenye ncha changa kama unavyosafirisha potasiamu, kwani kikemia zinafanana sana. Mizizi ilichangia kidogo tu. Udongo wa mfinyanzi huing'ang'ania siziamu.

Siziamu 137 hupungua nusu kwa takriban miaka 30. Nani angesubiri? Wakulima wakashika njia ya kupogoa: kuondoa majani ya zamani na vijiti vilivyokuwa ghala, ili chipukizi lijalo lisirithi. Kupunguza juu juu hakukufua dafu kama kukata kwa kina. Wao hutumia mashine. Mimi bado nausifu mkono, unaohisi tawi bovu kabla ya kulikata.

Wapogoaji wengi hulipwa kwa idadi ya mashina, na hapo haraka hushawishi. Ukitaka kuajiri, mchague yule anayesimama kila mara kunoa.